Brady, Manning na mguu wa Vinatieri

Tarehe 3 Februari 2002, ndani ya uwanja wa Superdome mjini New Orleans, Adam Vinatieri alisimama akiitazama milingoti iliyokuwa yadi 48 mbele yake. Ubao ulikuwa 17-17 na zilibaki sekunde chache tu. Akapiga. Mpira ukapita katikati, na New England Patriots wakawa mabingwa wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, kwa mara ya kwanza tangu timu hiyo iundwe. Tuzo ya mchezaji bora wa mechi akapewa kijana wa miaka 24 ambaye, mpira ulipokuwa hewani, alikuwa amesimama nje ya mstari akisubiri kama watazamaji wengine. Kijana huyo ni Tom Brady.

Mwaka 2006 Vinatieri alihama. Alikwenda Indianapolis Colts, timu ya Peyton Manning, hasimu mkubwa wa Brady. Msimu wake wa kwanza huko haukuisha kabla Manning hajatwaa Super Bowl, yaani fainali ya NFL, kwa mara yake ya kwanza.

Nimeanza na mpiga mpira huyu kwa makusudi. Ubishi wa nani zaidi kati ya Brady na Manning umedumu zaidi ya miaka 20, na kwa wenzetu Marekani una ukali uleule wa Messi na Ronaldo kwenye vijiwe vyetu. Kila mara unaishia kwenye hoja moja: tuangalie mechi kubwa. Brady ana mataji 7 ya Super Bowl, Manning ana 2, basi kesi imefungwa. Mimi ninayekesha kila Februari mpaka saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, saa ambayo Super Bowl huanza kwetu Afrika Mashariki, nimeisikia hoja hiyo mara nyingi. Naamini anayeitoa anaweza kuwa amepata jibu sahihi, ila njia aliyopita kulifikia siyo.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, kwotabeki, nafasi waliyocheza Brady na Manning, ndiye anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe kwa nani au ampe nani akimbie nao. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, ambazo ni kama mita 9. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho ni tachidauni, yenye pointi 6. Kuupiga kwa mguu ukapita katikati ya milingoti ni pointi 3.

Jambo la kushika hapa ni hili: timu moja ina vikosi vitatu. Kuna kikosi cha kushambulia, kuna cha kulinda, na kuna cha mipira ya kupigwa kwa mguu. Wapinzani wakiwa na mpira, kwotabeki amekaa kwenye benchi anakunywa maji. Karibu nusu ya mechi hayupo uwanjani. Brady na Manning walikutana mara 17, na katika mara zote hizo hakuna hata sekunde moja waliyosimama uwanjani wakikabana. Kila mmoja alipambana na mabeki wa mwenzake. Tofauti na mabondia wawili ulingoni, hawa walifanana zaidi na mawakili wawili wanaopokezana kusimama mbele ya hakimu mmoja.

Sasa tazama mechi tatu. Ile ya 2002 niliyoanza nayo, Brady alirusha pasi za jumla ya yadi 145 tu, tachidauni moja. Akashinda, akawa mchezaji bora. Februari 2018 mjini Minneapolis, dhidi ya Philadelphia Eagles, alirusha yadi 505, tachidauni 3, wapinzani hawakumnasa pasi hata moja. Hakuna kwotabeki aliyewahi kurusha yadi nyingi kiasi hicho katika Super Bowl. Timu yake ikafungwa 41-33, kwa sababu mabeki wa Patriots usiku ule hawakumzuia mtu. Ya tatu ni ya Manning, Februari 2016, akiwa na Denver Broncos, umri wa miaka 39, mkono umechoka waziwazi. Yadi 141, hakuna tachidauni ya pasi, pasi moja imenaswa. Akashinda 24-10 dhidi ya Carolina Panthers, na mchezaji bora akawa beki, Von Miller.

Anayehesabu pete za ubingwa atakwambia Brady wa 2002 na Manning wa 2016 walifanya makubwa, na Brady wa 2018 alishindwa. Aliyeziona mechi zenyewe anajua ni kinyume. Kama kipimo kinampa alama mtu aliyecheza vibaya na kumnyima aliyecheza vizuri kuliko wote, basi kinachopimwa ni kitu kingine.

Kuna hesabu nyingine inayopendwa sana: rekodi ya mtoano. Brady 35 kwa 13, Manning 14 kwa 13. Ukizitaja namba hizo barazani watu wanatikisa kichwa. Lakini ziangalie tena. Wote wawili wamefungwa mara 13. Mtoano wa NFL ni mechi moja tu kila raundi, ukifungwa unakwenda nyumbani. Kwa hiyo kila msimu unaoingia mtoano utafungwa mara moja, isipokuwa ukitwaa kombe. Brady aliingia mara 20, akatwaa 7, zinabaki 13. Manning aliingia mara 15, akatwaa 2, zinabaki 13. Idadi ya vipigo haituambii lolote jipya. Ni kutoa tu mataji kutoka kwenye safari. Na timu iliyofanya vizuri sana msimu mzima hupumzishwa raundi ya kwanza, haichezi na timu dhaifu, kwa hiyo inakosa ushindi rahisi wa kujazia rekodi. Manning ana misimu ambayo timu yake ilipumzishwa kwa ubora wake, ikafungwa mechi ya kwanza iliyocheza, na kwenye vitabu ikaandikwa sifuri kwa moja.

Hata hivyo sitaki kumtetea kupita kiasi. Kati ya safari zake 15, mara 9 alitoka bila kushinda mechi. Brady alitoka hivyo mara 4 kati ya 20. Hilo ni doa, na hesabu yangu hapo juu hailifuti. Swali ni kiasi gani cha doa hilo ni chake.

Ndipo tunarudi kwa Vinatieri. Desemba 2000, Colts wanacheza Miami, mechi iko kwenye muda wa nyongeza. Mpigaji wao, Mike Vanderjagt, anakosa kutoka yadi 49. Miami wanafunga, Manning nje. Januari 2006, Colts wameshinda mechi 14 kati ya 16 msimu ule, wako nyumbani na Pittsburgh Steelers, nyuma 21-18, sekunde za mwisho. Manning anaufikisha mpira mahali ambapo Vanderjagt anahitaji kupiga kutoka yadi 46 ili wasawazishe. Mpira unakwenda kulia, mbali kabisa na milingoti. Manning nje tena, na wiki nzima Marekani inazungumza kuhusu Manning asiyeweza mechi kubwa.

Upande wa pili, Januari 2002, theluji inamwagika Foxborough, nyumbani kwa Patriots, nao wako nyuma ya Oakland Raiders kwa pointi 3. Brady anagongwa na Charles Woodson, mpira unamtoka, Raiders wanaulalia. Mechi imekwisha. Lakini mwamuzi anatazama marudio na kusema mkono wa Brady ulikuwa bado katika mwendo wa kurusha, kwa hiyo ni pasi iliyokosa mlengwa. Kanuni yenyewe watu waliibishania mpaka NFL ikaifuta miaka kadhaa baadaye. Patriots wanarudishiwa mpira, na Vinatieri, akiwa amesimama ndani ya theluji, anapiga yadi 45 na kusawazisha. Wanashinda 16-13 kwenye muda wa nyongeza. Wiki mbili baadaye ndiyo ile ya New Orleans. Februari 2004, Super Bowl nyingine, Houston, ni 29-29 na Panthers. Vinatieri yadi 41, zikiwa zimebaki sekunde 4. Mataji matatu ya kwanza ya Brady yote yalipatikana kwa tofauti ya pointi 3: 20-17, 32-29, 24-21.

Badilishaneni wapigaji. Mpe Manning Vinatieri mapema, mpe Brady Vanderjagt. Sidai kuwa najua yangetokea mataji mangapi. Nasema tu kwamba simulizi ya mmoja mwenye moyo wa chuma na mwingine mwenye moyo wa karatasi ingekuwa ngumu zaidi kusimulika, ingawa wao wenyewe wasingekuwa wamerusha pasi hata moja tofauti.

Na hatuhitaji kubuni, kwa sababu mabadilishano hayo yalitokea kweli. Msimu wa 2006 Vinatieri yuko Indianapolis. Katika mtoano ule Manning alicheza mechi 4, akarusha tachidauni 3 na kunaswa pasi 7. Ni namba mbaya. Kule Baltimore, dhidi ya Ravens, hakupata tachidauni yoyote na pasi zake 2 zilinaswa. Colts walishinda 15-6, na pointi zote 15 zilitoka kwenye mguu wa Vinatieri, mapigo 5. Ulinzi wa Colts nao, uliokuwa ukivuja msimu mzima, ulikaza ghafla beki Bob Sanders aliporudi kutoka majeruhi. Basi Manning akatwaa taji katika moja ya mitoano ambayo yeye mwenyewe alicheza ovyo zaidi. Mwaka mmoja kabla, dhidi ya Pittsburgh, hakunaswa pasi hata moja, akaondoka analaumiwa.

Twende sasa kwenye mapambano yao ya ana kwa ana, ambako wengi wanadhani ukweli hauwezi kujificha. Jumla ni 11 kwa 6, Brady mbele. Ukiikata hesabu hiyo pembeni kidogo inabadilika sura. Mechi ya kwanza kabisa Brady kuanza kama kwotabeki wa NFL, Septemba 2001, ilikuwa dhidi ya Colts ya Manning, na Patriots walishinda 44-13. Toka hapo akashinda mechi 6 mfululizo. Hizo ndizo zilizojenga jina. Kuanzia Novemba 2005 mpaka mwisho walikutana mara 11, na Manning akashinda 6. Kwenye mtoano peke yake walikutana mara 5, Manning 3, Brady 2. Kwa hiyo anayesema tuangalie mechi kubwa tu, na kubwa kuliko zote kati ya hawa wawili ni hizo 5, anapaswa kuwa tayari kumtangaza Manning. Sijawahi kukutana na mtu wa Patriots aliyekubali.

Mimi pia sikubali, kwa sababu kuna jambo lingine limejificha humo. Mechi mbili za Brady, Januari 2004 na Januari 2005, zilichezwa Foxborough, kwenye baridi kali. Ya Manning ya Januari 2007 ilichezwa Indianapolis, chini ya paa. Zile mbili za mwisho, Januari 2014 na Januari 2016, zilichezwa Denver, mji ulio juu kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mechi 5, na mara zote 5 ameshinda aliyekuwa nyumbani.

Nani anacheza nyumbani huamuliwa na msimu wa kawaida. Na hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Msimu wa 2015 Denver na New England zilimaliza sawa, ushindi 12 na vipigo 4 kila moja. Denver wakapewa uenyeji kwa sababu waliifunga New England 30-24 mwezi Novemba, kwenye muda wa nyongeza. Manning hakucheza mechi ile, alikuwa ameumia. Kwotabeki wa Denver siku hiyo alikuwa Brock Osweiler, kijana aliyekuwa akianza mechi yake ya pili tu katika NFL. Kwa hiyo ushindi wa mwisho wa Manning dhidi ya Brady uliandaliwa na mtu ambaye hayupo hata kwenye ubishi.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani nasema kwotabeki hana maana. Hapana. Ulinzi, mpigaji, uwanja na waamuzi wana mkono mkubwa katika mechi moja, lakini mechi zikiwa nyingi, kinachobaki baada ya bahati kupunguzwa ni cha mtu mwenyewe. Brady alicheza mechi 48 za mtoano. Ni misimu mitatu kamili ya enzi zile, dhidi ya timu bora peke yake. Alipata bahati kubwa humo ndani. Zaidi ya theluji ya 2002, kuna beki wa Patriots, Malcolm Butler, aliyenasa pasi ya Seattle yadi moja kutoka mstarini mwaka 2015 Brady akiwa benchi, na kuna beki wa Kansas City aliyesimama mbele ya mstari Januari 2019, kosa lililofanya pasi ya Brady iliyokwisha kunaswa isihesabiwe. Lakini bahati ilimnyima pia. Mwaka 2008 timu yake ilifika Super Bowl haijafungwa mechi 18, ikazama 17-14 mbele ya New York Giants baada ya David Tyree kuudaka mpira kwa kuubana kwenye kofia yake.

Na kuna mechi ambazo huwezi kumnyang'anya. Februari 2017 Houston, Atlanta Falcons 28, Patriots 3, robo ya tatu. Toka hapo pointi zote zilizofuata zilikuwa za Patriots. Yadi 466, pasi 43 zilizofika kati ya 62, na ushindi wa 34-28 katika Super Bowl ya kwanza kuwahi kwenda muda wa nyongeza. Kweli, walishinda kura ya sarafu na Atlanta hawakugusa tena mpira katika ushambuliaji. Lakini kufika kwenye sarafu hiyo ilibidi mtu afute pengo la pointi 25.

Manning naye ana ya kwake asiyoweza kumsukumia mtu. Januari 2004 Foxborough alinaswa pasi 4, tatu zikiwa mikononi mwa Ty Law. Februari 2010, nyuma kwa pointi 7 dhidi ya New Orleans Saints zikiwa zimebaki dakika chache, alirusha pasi ambayo Tracy Porter aliisoma mapema, akainasa na kukimbia nayo yadi 74 hadi mwisho. Hizo ni pasi zake. Kipigo cha 43-8 kutoka kwa Seattle mwaka 2014 sikiweki humo kwa uzito uleule. Mpira wa kwanza kabisa wa Denver ulirushwa nyuma ukampita kabla hajajiandaa, na baada ya hapo timu nzima ilimezwa.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hawakitumii, nacho ni kuitazama timu mtu huyo anapokosekana. Brady aliumia goti mechi ya kwanza ya 2008, na Patriots, wakiongozwa na Matt Cassel, walishinda mechi 11 kati ya 16. Manning alikosa msimu wote wa 2011 kwa upasuaji wa shingo, na Colts, walioshinda 10 mwaka uliotangulia, walishinda 2 tu. Manning alikuwa amebeba nyumba ambayo ukuta mmoja ukitoka inaanguka. Brady, chini ya kocha Bill Belichick, alikuwa ndani ya nyumba yenye nguzo nyingi. Ndiyo maana kwa miaka mingi nilikuwa upande wa Manning: mchezaji bora wa msimu mara 5, wakati Brady ana 3.

Kilichonigeuza ni Tampa. Mwaka 2020 Brady, akiwa na miaka 42, aliondoka New England akaenda Tampa Bay Buccaneers, timu iliyokuwa haijaingia mtoano tangu msimu wa 2007. Msimu huohuo akatwaa Super Bowl, 31-9 dhidi ya Kansas City Chiefs. Patriots aliowaacha wakamaliza na ushindi 7 na vipigo 9. Kocha tofauti, mabeki tofauti, mpigaji tofauti, jimbo tofauti, matokeo yaleyale. Hata hapo mabeki wa Tampa walifanya kazi kubwa kumbana kwotabeki wa Chiefs, Patrick Mahomes, siwezi kulikana. Lakini mtu akihama nyumba na mvua ikaacha kuvuja kule alikohamia, huwezi tena kusema paa la zamani ndilo lililomkinga.

Kwa hiyo kama nikilazimishwa kuchagua mmoja wa mechi kubwa, namchagua Brady. Simchagui kwa pete 7. Namchagua kwa sababu ndani ya miaka 20 aliifikisha timu yake mara nyingi kuliko binadamu yeyote mahali ambapo jambo dogo moja, mguu, sarafu, mkono wa beki, lingeweza kuamua. Na simkubalii kabisa mtu anayesema Manning alikuwa mwoga. Alifika mahali hapohapo mara chache zaidi, na mara nyingi jambo hilo dogo lilikwenda upande wa pili.

Mara yao ya mwisho kukutana, Januari 2016 kule Denver, Brady aligongwa na mabeki takribani mara 20. Bado, zikiwa zimebaki sekunde 12, alimtafuta Rob Gronkowski kwenye eneo la mwisho na kumpata. 20-18. Walihitaji pointi 2 kusawazisha. Pasi ya Brady iliguswa na mkono wa beki, ikanaswa, Manning akiwa pembeni anatazama. Wasingehitaji pointi 2 kama si kwamba katika robo ya kwanza walikosa ile pointi moja ya nyongeza inayopigwa kwa mguu baada ya tachidauni. Aliyeikosa ni Stephen Gostkowski, ambaye alikuwa hajakosa pigo la aina hiyo tangu mwaka 2006, mwaka aliposajiliwa kuziba pengo la Adam Vinatieri.